Kwa Binti Anayekwenda Kufanya Kazi Makao ya Watoto

Mwanangu, barua yako nimeipata na nimefurahi nayo. Mitihani ya mwaka wa pili imekwisha, bumu halitaingia tena mpaka chuo kifunguliwe, na badala ya kukaa nyumbani ukiisubiri Oktoba, umekubali kazi katika makao ya watoto nje kidogo ya mji. Posho yenyewe ni ya nauli na vocha, lakini moyo wako umekutuma huko. Umeniuliza swali moja tu: ufanye nini ili watoto wale wakupende?

Nianze na hilo, maana ndilo lililonitia wasiwasi. Hutahitaji kufanya lolote. Watakupenda siku hiyohiyo. Ukivuka geti tu, mtoto wa miaka minne au mitano atakukimbilia na kukushika kidole kimoja. Atakibana kwa ngumi yake nzima, kisha atakuzungusha nacho: hapa ndipo tunapolala, kitanda changu ni hiki cha chini, kule ni jikoni, yule mbuzi anapiga pembe. Jina lako hajaliuliza. Kabla hujapata pa kukaa atakuuliza kama kesho utakuja. Ukikaa huko wiki moja utagundua kwamba kila mgeni hushikwa kidole vilevile na kuulizwa swali lilelile.

Wageni wengi hapo machozi huwalenga. Hutoka wakisema watoto hawa wana upendo wa ajabu. Mimi nakuomba utazame tena. Mtoto mdogo aliyelelewa na mtu mmoja anayemjua, akiona mgeni hujificha nyuma ya khanga ya mama, huchungulia, hurudi kujificha. Ndivyo inavyopasa awe katika umri ule, kwa sababu anajua nani ni wake na nani si wake. Yule anayemrukia kila aingiaye mara nyingi amekwisha kuachwa na watu wengi, na amejifunza kumkamata yeyote aliye karibu kabla hajaondoka.

Haya hayatoki kichwani mwangu. Utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipoanguka huko Romania mwezi Desemba 1989, dunia iliona makao makubwa yaliyojaa watoto, walezi wachache wakipokezana zamu. Mwaka 2000 watafiti watatu kutoka Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza kazi Bucharest na watoto 136 waliokuwa katika makao hayo. Nusu yao walipelekwa kwa familia za kuwalea, nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya pale. Kadiri miaka ilivyopita, waliokwenda kwenye familia walikua vizuri zaidi kiakili na kimahusiano, hasa waliopelekwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Makao ya kwetu hayafanani na yale ya Romania, na wapo walezi wetu ninaowavulia kofia. Lakini somo la Bucharest linahusu mtoto popote alipo: anahitaji watu wachache, walewale, wanaorudi kila siku mwaka hadi mwaka.

Wewe huwezi kuwa mtu huyo. Ifikapo Oktoba utakuwa darasani. Basi usiingie pale kutafuta kuwa mama, wala dada kipenzi ambaye watoto watamlilia akiondoka. Kulia kwao siku ya kuaga kusikupe fahari hata kidogo. Kama ukiondoka nyumba inayumba, ujue ulikuwa umejiweka mahali pasipo pako.

Mahali pako ni pembeni ya mama mlezi. Yeye huamka saa kumi na moja alfajiri. Anakoroga uji, anatafuta soksi iliyopotea, anasimamia foleni ya ndoo bafuni, anafunga vifungo vya mashati, na wote wakishatoka kwenda shule anageukia rundo la nguo. Wazee walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Yeye analea wana wasio wake, kwa mshahara mdogo, na watoto huwapokea wageni wenye simu nzuri kwa shangwe kuliko wanavyompokea yeye. Ukifua sare ili apate saa moja ya kuketi na yule mdogo mwenye homa, umempa mtoto yule kitu kikubwa kuliko wimbo wowote utakaomfundisha. Msalimu shikamoo kila asubuhi, watoto wakisikia. Mtoto akikuletea mchoro wake, usifu, kisha umuulize kama amemwonesha mama. Mkitofautiana juu ya jambo, msubiri mpaka mbaki wawili. Shahada unayosomea haikupi ruhusa ya kumsahihisha mbele ya watoto atakaobaki nao.

Kazi yenyewe utaikuta mchana ukishapinduka. Shule za msingi zinafunguliwa Julai, kwa hiyo likizo yako si likizo yao. Watarudi alasiri na njaa, vumbi na kazi za nyumbani. Hapo ndipo mikono inapopungua, nawe ndipo uwepo, usiage kwa kisingizio cha daladala. Chukua wale wa darasa la pili na la tatu, mmoja mmoja, msome. Utamkuta mtoto anayesoma ukurasa mzima bila kukosea huku macho yake yakiwa dirishani. Ameukariri kwa kuwasikia wenzake. Funika picha kwa kiganja, weka kidole chini ya neno lililo katikati ya mstari, umuulize ni neno gani. Akinyamaza, usishtuke mbele yake na usimwite mwenzake aje aseme. Rudini polepole kwenye ba, be, bi, dakika ishirini kila siku, mahali ambapo wengine hawatamcheka. Miezi mitatu ya namna hiyo inaweza kumfungulia mtoto darasa zima. Hiyo ni zawadi ambayo ukiondoka haiondoki nawe.

Hata kama malipo ni kidogo, ichukulie kama ajira. Nimeona vijana wema wakikosa kufika Jumatano na Alhamisi kwa hoja kwamba wanajitolea tu. Mtoto aliyekaa kizingitini na daftari lake hajui tofauti ya kujitolea na kuajiriwa. Ukiumwa, piga simu mapema, uombe aambiwe.

Sasa lile swali la kesho utakuja. Ahadi ni deni, na mtoto wa makao anadai madeni mengi ambayo hayakulipwa: mjomba aliyesema atarudi Krismasi, mfadhili aliyesema atamleta mwanawe wacheze. Usiongeze lako. Sema kweli tangu siku ya kwanza, tena kwa kipimo anachokielewa. Oktoba haimwambii kitu mtoto wa miaka sita. Mwambie utakuwepo mpaka Nane Nane ipite, na mpaka dada zao wa darasa la saba wafanye mtihani Septemba; halafu utarudi shuleni kwako, kwa sababu nawe ni mwanafunzi. Mkumbushe tena katikati. Atanuna, pengine atakukwepa siku mbili. Mwache anune. Mtoto aliyeambiwa ukweli akakasirika yuko salama kuliko aliyedanganywa akacheka.

Zawadi nazo zina adabu yake. Yupo mmoja atakayeupata moyo wako kuliko wenzake, hilo halizuiliki, lakini lisionekane mfukoni. Ukimnunulia viatu yeye peke yake, usiku ule viatu vitafichwa au yeye atapigwa. Ukiwa na kitu, kipeleke stoo, kiandikwe, kigawiwe na wenyeji. Mkono wako usipandishwe juu ya mtoto yeyote, hata ukiwaona wengine wakichapa, hata siku umechoka mpaka unatetemeka. Toka nje, kunywa maji, rudi.

Picha usipige. Najua wenzako watapiga, na kwamba mwezi wa Ramadhani na wakati wa Krismasi magari hushusha mchele na kamera kwa pamoja. Mtoto wa miaka kumi leo, baada ya miaka kumi atakuwa chuoni kama wewe, na sioni kwa nini wenzake wamkute mtandaoni akiwa ameshika sahani, chini yake maneno yako ya huruma. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi bora ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu, na sijaona maslahi yake katika picha ile.

Usidhani pia kwamba kila aliyepo pale hana mtu. Wengi wana mzazi mmoja aliye hai, au bibi, au shangazi, na kilichowaleta ni ufukara, ugonjwa au ndoa iliyovunjika. Jumapili utamwona bibi amekuja kwa miguu na karanga ndani ya ncha ya khanga. Mpe kiti kivulini, mpe maji, mwite mjukuu wake, uwaache. Usimsimulie mtoto kwamba pale anakula vizuri kuliko kwao. Kazi njema ya makao ni kumrudisha mtoto kwa ndugu zake inapowezekana, na wenzetu wa Kenya walilitilia uzito hilo mwaka 2017 waliposimamisha usajili wa makao mapya. Neno lako moja la kudharau kibanda cha bibi linaweza kumfanya mtoto akatae kurudi.

Linalofuata ni zito, nalo nataka ulisome mara mbili. Siku moja, mkiwa mnaanua nguo au mnachambua mchele, mtoto anaweza kukwambia: dada, nikikwambia kitu, hutamwambia mtu? Usikubali, hata kwa nia ya kumtuliza. Mwambie utamsikiliza, na kwamba likiwa ni jambo la mtu kumuumiza itabidi umwambie mtu mzima anayeweza kumsaidia. Wapo watakaonyamaza hapo. Usiwabane, endelea kuanua nguo, mara nyingi husema baadaye. Akisema, sikiliza bila kupiga kelele za mshangao. Usimhoji kama polisi wala kumtajia majina ili ayakubali. Siku hiyohiyo andika maneno yake kama alivyoyatamka, na tarehe.

Kisha peleka taarifa. Kama makao yana kiongozi unayemwamini, anza naye. Lakini kama anayetajwa ni yeye, au ni mtu anayemlinda, usipite kwake kabisa. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ambayo hailipiwi. Sheria inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aifikishe kwa mamlaka. Utaogopa kupoteza kazi, na utaambiwa unaharibu jina la nyumba inayosaidia watu. Nimefanya kazi ya ustawi miaka mingi, na sijui maneno yaliyowaumiza watoto kuliko hayo ya kulinda jina la nyumba. Kwa sababu hiyohiyo jilinde na wewe: usijifungie chumbani na mtoto mmoja, usimchukue kwenda kulala kwako, usimpe namba yako kwa siri.

Kabla hujaripoti kazini, ulizia pia kama makao yenyewe yana leseni na kama afisa ustawi huyatembelea. Ukikuta watoto wanatolewa darasani kuimbia kila gari linaloingia, au wanaambiwa wavae nguo zilizochanika wageni wakija, tafuta kazi nyingine. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio juu ya watoto wasio na malezi ya wazazi, na ndani yake likaonya kuhusu madhara ya makao yanayoendeshwa kwa ajili ya watalii na wageni wa kujitolea. Kijana mwenye moyo safi anaweza kuwa mtaji wa biashara hiyo bila kujua.

Kuondoka kwako kuandae tangu mapema. Kuwa na daftari: nani amefikia silabi zipi, nani anakodolea ubao kwa karibu na huenda anahitaji kupimwa macho, nani hutulia akipewa kazi ya kuhesabu vikombe. Yale aliyokwambia mtoto kwa uchungu yasiandikwe humo; yana mahali pake. Wiki ya mwisho mkabidhi mama mlezi daftari hilo, mlipitie pamoja. Aga mchana, kila mtoto kwa jina lake, usitoroke usiku wakiwa wamelala eti usiwaumize. Ukitaka kuendelea kuwajulia hali, iulize ofisi ni siku gani inafaa kupiga simu, na uchague kiasi utakachokiweza hata wakati wa mitihani. Mara moja kwa muhula inatosha ikiwa haikosekani. Na kama kuna mwenzako chuoni anayetaka kushika kazi hiyo likizo ijayo, mlete mapema, ukiwa bado upo, umtambulishe kwa mama mlezi kwanza. Watoto watamjua kutoka kwake.