Matembezi ya Hori la Mida na Mafunzo Yake

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, tulipoazimia kuwachukua wake zetu, wazee wetu na watoto wetu kutoka Malindi tukalitembelee hori la Mida, baadhi ya ndugu walitulaumu. Walisema kwamba kutazama miti na ndege ni kazi ya watalii, na kwamba mwenye dini hana wakati wa kupoteza. Twawajibu kwa upole, maana nasi tulikuwa na fikira hiyo hiyo.

Hori hili, karibu na Watamu, limo katika hifadhi ya bahari iliyowekwa na Serikali mwaka 1968. Tulifika maji yamekupwa, tukapita daraja la mbao katikati ya mikoko. Binti yetu mmoja akauliza: "Baba, miti hii yaishi vipi katika maji ya chumvi?" Tukanyamaza. Sisi tunaowahimiza watu wasome hatukuwa na jawabu.

Aliyetuokoa ni bibi yake. Alitutajia miti kwa majina: mkoko, mchu, mkandaa, muia. Kisha akamwambia mtoto alambe jani la mchu. Akalamba, akaonja chumvi. Mti ule hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwa majani yake. Mkoko nao huizuia chumvi mizizini, na mbegu yake huchipuka ingali juu ya mti, ili ikianguka topeni ianze kumea. Ni nani aliyeyapanga haya?

Tukaona na ndege mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene, chakula chake ni kaa. Ndege huyu huzaa katika pwani za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, akichimba shimo mchangani; kisha huja kwetu, kama zilivyokuja jahazi za wazee wetu, wala hana nahodha wala dira.

Kijana mmoja wa jamaa zetu alimkamata kaa, akamfunga uzi na kumkokota, na wakubwa wakacheka. Bibi akasema: "Mwachilie, mwanangu. Huyo naye ana Mola." Kicheko kikakatika. Qur'ani yatufunza kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu, na Mtume (S.A.W.) ametuarifu habari za mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga bila ya kumlisha. Haya twayahubiri sana. Siku ile aliyeyatenda ni kikongwe asiyepanda mimbari.

Tena tukumbuke kwamba si mbali na hapo yapo magofu ya Gede na msikiti wake mkuu. Dari za nyumba zetu na misikiti yetu ya kale zilishikwa na boriti za miti hii hii, na boriti hizo zilisafirishwa hadi Uarabuni mpaka Serikali ilipokataza mwaka 1982. Mwenye kuila neema asiyoijua, ataishukuru vipi?

Basi twawanasihi. Wachukueni watu wa nyumbani mwenu, wala msiwaache nyuma wanawake na mabinti, kwani kuzingatia uumbaji kumeamrishwa wote. Msisahau Sala, sisi tuliisali Alasiri kwa jamaa pale pale ufukoni. Takataka zenu rudini nazo. Tangu tarehe 5 Juni 2020 sheria imekataza kuingia hifadhini na plastiki za kutumiwa mara moja, lakini Muislamu hangojei askari: kuondoa udhia njiani ni tawi la imani yake. Na waulizeni wazee wenu majina ya miti kabla hawajazikwa nayo.

Ewe Mola, tufanye miongoni mwa wanaotazama wakazingatia, na wanaojua wakatenda. Amin.

Wabillahi tawfiq.