Sabato Juu ya Dungu

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 2:18, 1 Wafalme 18:3, 4, 19:1-21, Zaburi 88, Marko 1:40-45, 2 Timotheo 4:9-21.

Wanaolima mpunga katika bonde la Kilombero, wengi wao hawalimi mlangoni pa nyumba. Shamba liko mbali, huko mbugani kuelekea mtoni, na mvua zikishakolea mtu huhamia huko na sufuria yake, chandarua, chumvi na jembe. Mpunga ukitoa masuke ndipo kazi ya kuamia ndege inapoanza. Mwamiaji hukaa juu ya dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, tangu jua halijachomoza mpaka giza linapoingia. Hupiga debe, huvuta kamba zilizofungwa makopo, hurusha madonge ya udongo kwa kombeo. Kweleakwelea wakitua bila kufukuzwa, jasho la miezi linakwisha kwa asubuhi moja. Usiku ndege wakilala, nguruwe pori wanaamka. Kwa hiyo mtu halali sawasawa, wala hatoki.

Majira hayo viti vya kanisa letu hapa Ifakara hupungua. Katibu wa Shule ya Sabato husoma jina, mtu mmoja hujibu kwa niaba ya asiyekuwepo, “Yuko shamba,” na tunaendelea na jina linalofuata. Neno hilo limekuwa kama jibu kamili. Nimelisikia miaka mingi, na mimi nikiwa mzee wa kanisa sikuwahi kuuliza, shamba gani, na yuko na nani.

Mwaka mmoja mama mjane wa darasa langu alikaa huko tangu Machi hadi Juni. Watoto wake wako mbali, na mumewe, ambaye zamani walikuwa wakiamia pamoja, alikuwa amelala kaburini mwaka wa pili. Aliporudi nilimpokea mlangoni kwa furaha. “Pole na shamba, mama.” Akasema amekwisha kupoa. Nami nikaongeza neno ambalo sisi viongozi tunalo karibu na ulimi wakati wote: “Lakini najua Mungu alikuwa pamoja nawe.” Akanitazama bila hasira. “Mungu alikuwepo, mzee. Ninyi je?”

Somo hili limetoka katika swali lile. Sikuwa na jibu mlangoni, na sehemu yake sina hadi leo.

Tuangalie kwanza kile tunachokisema tunapomwambia mpweke kwamba Mungu yuko pamoja naye. Ni kweli, na ni ahadi. Lakini neno la kweli linaweza kutumika kama mlango wa kufungia mtu nje. Nikikuambia kwamba Mungu anakutosha, nimejiondolea safari ya kuja kwako. Rudi Edeni uone. Soma Mwanzo 2:18. Adamu hakuwa na dhambi bado, wala hakuna kitu kilichokuwa kimemtenga na Muumba wake. Alikuwa na ushirika na Mungu kuliko mtu yeyote wa bondeni kwetu atakavyoupata kabla ya Bwana kurudi. Hata hivyo Mungu Mwenyewe alitazama na kuona kwamba hali ile ya kuwa peke yake si njema. Hakumwambia Adamu, “Mimi nipo, yatosha.” Basi kama Mungu hakujitumia Mwenyewe kuwa sababu ya kumnyima mwanadamu mwenzake, sisi tumepata wapi ruhusa hiyo?

Hapa ndugu wengine watasema, “Je, Yesu hakwenda mahali pasipo watu kuomba?” Alikwenda. Kuwa peke yako na kuwa mpweke ni mambo mawili. Mtu anaweza kukaa juu ya dungu asubuhi ya Sabato, ukungu umelala juu ya mpunga, milima ya Udzungwa inaanza kuonekana upande mmoja na ya Mahenge upande wa pili ng’ambo ya mto, akafurahi kuliko sisi tuliobanana kwenye mabenchi. Na mtu anaweza kukaa katikati ya mabenchi hayo, akaimba nyimbo zote, akashikwa mikono mlangoni na watu arobaini, akarudi nyumbani bila mmoja wao kujua kwamba hajala tangu jana. Huyu wa pili ndiye mpweke. Upweke hauhesabiwi kwa vichwa. Ni kukosa mtu anayejua jambo linalokusibu.

Eliya anatufundisha mengi katika hili, naye tunamsoma haraka mno. Soma 1 Wafalme 19:1-18. Analalamika mara mbili kwamba amebaki peke yake. Lakini sura iliyotangulia Obadia alimwambia wazi kwamba amewaficha manabii mia mapangoni na kuwalisha. Tena Eliya alikuwa na mtumishi, akamwacha Beer-sheba kabla ya kuingia jangwani. Kwa hiyo upweke wake ulikuwa na sehemu aliyofanyiwa na Yezebeli, na sehemu aliyojifanyia mwenyewe. Ndivyo ulivyo upweke wa wengi wetu. Mtu amekosewa kweli, kisha anaanza kukwepa hata wale wasiomkosea, halafu anahesabu kutokuwepo kwao kama ushahidi mwingine.

Angalia sasa jinsi Mungu anavyomtendea. Hakuanza kwa kumrekebisha hesabu. Alimwacha alale. Akamtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Ndipo baadaye kabisa, baada ya siku arobaini, yakaja maswali, sauti ya utulivu, kazi mpya, na ile habari ya watu elfu saba. Na kabla ya kutajiwa hao elfu saba, Eliya alipewa jina la mtu mmoja, Elisha mwana wa Shafati, wa mji wa Abel-mehola. Elfu saba wasiojulikana ni faraja kwa akili. Kwa mguu wa kutembea naye barabarani, alihitaji mmoja mwenye jina na anwani. Sura inakwisha Elisha akiacha jembe la ng’ombe na kumfuata.

Yule mama aliniambia baadaye jinsi alivyoshika Sabato zake kule. Ijumaa jua likizama alifungua Sabato kwa sauti, akaimba peke yake, sauti ya kwanza na pale alipoweza sauti ya pili. Asubuhi alichukua lesoni, akasoma swali kama mwalimu, akajibu kama mwanafunzi, na mara nyingine, alisema akicheka, akajibishia na kujipinga. Lakini ndege hawana Sabato. Juma la kwanza aliacha debe likae kimya, akaona wingu la kweleakwelea likishuka juu ya kona ya shamba lake, akageuza uso. Mara akasikia kelele. Jirani wa dungu la pili, mama Mkatoliki, alikuwa amevuka mfereji na anapiga debe lake kwenye mpaka huku akipayuka. Hakuombwa. Juma lililofuata alifanya vilevile. Jumapili yule jirani alipotaka kwenda kusali kigangoni, mama yetu alimlindia shamba lake hadi jioni.

Najua darasa litabishana hapa kuhusu Kutoka 20:10 na habari ya mgeni aliye ndani ya malango yako, na libishane. Hilo ni jambo la dhamiri na si dogo. Mimi nilishikwa na neno lingine la mama huyo. Alisema Sabato ile ya kwanza alikuwa ameomba tangu alfajiri kwamba Bwana amwonyeshe kama yupo. “Nilitazamia amani moyoni,” alisema. “Akaja anapiga debe.”

Sasa, imani hii ilimfaa nini? Ilimpa macho. Mtu asiye na imani angeona jirani mwenye moyo mzuri, na angekuwa sahihi. Yeye aliona jirani mwenye moyo mzuri na Aliyemtuma. Hiyo ndiyo faraja ya Kikristo kama ninavyoielewa: haiwekwi mahali pa watu, bali huja mara nyingi kwa mikono yao, na mara nyingine kwa mikono ambayo hukuitegemea. Ndiyo maana tunapokaa nyumbani na kuwaachia malaika kazi, tunamnyima mpweke njia ambayo faraja ingepitia.

Lakini wako wanaoomba na debe halilii. Soma Zaburi 88. Katika zaburi nyingi za huzuni, mwishoni jua linatoka. Hii inaishia gizani, marafiki wakiwa wamewekwa mbali. Ninaipenda kwa sababu mbili. Kwanza, mwenye giza lile bado anazungumza na Mungu, na mwanzoni anamwita Mungu wa wokovu wake. Basi tusimwambie mtu kwamba kutosikia faraja ni dalili ya imani ndogo. Marafiki wa Ayubu walikwisha kujaribu njia hiyo. Pili, kichwa cha zaburi kinaonyesha kwamba ilikabidhiwa kwa mwimbishaji. Maneno ya mtu asiye na mwenzake yaliwekwa katika vinywa vya kwaya. Watu wenye furaha zao walisimama wakamwimbia wimbo wake. Katika ibada zetu ushuhuda unaokubalika ni ule uliokwisha kwa ushindi. Nani kati yetu aliwahi kusimama akashuhudia kwamba bado ni usiku, na kanisa likasema Amina? (Nami niseme kwa kupita: giza likikaa wiki kwa wiki, mtu halali, hali, anatamani kufa kama Eliya chini ya mretemu, mpelekeni hospitali pia. Malaika naye alianza na chakula na usingizi.)

Kuna upweke mwingine ambao hautoki porini wala msibani. Tunautengeneza kwa mikono yetu. Ng’ambo ya mto, huko Mahenge, wagonjwa wa kifafa waliishi kwa vizazi wakiwa wametengwa. Watu waliamini kwamba mate ya mtu aliyeanguka yanaambukiza, kwa hiyo alikula katika chombo chake na kulala kando, na akiangukia motoni walio karibu waliogopa kumgusa. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alipofika huko aliwakuta na makovu ya moto, na mwaka 1960 akaanzisha kliniki yao. Alikuwa na dawa, na dawa ilipunguza kuanguka. Lakini pia aliwagusa. Soma Marko 1:40-45. Bwana angeweza kumtakasa yule mwenye ukoma kwa neno akiwa mbali, kama alivyofanya kwa wengine. Alinyosha mkono kwanza. Mtu yule alikuwa na magonjwa mawili, na moja lilikuwa la kutoguswa.

Katika kanisa letu kifafa si hoja tena, nafikiri. Ila tunao wengine wanaokula katika chombo chao. Binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, ambaye rafiki zake wa kwaya wameagizwa na mama zao wasimtembelee. Ndugu aliyeondolewa ushirika, ambaye tulikubaliana kumsaidia arudi na hakuna aliyekwenda. Kumhubiria mtu wa namna hiyo faraja ya Mungu kwa wapweke, huku sisi ndio tuliomfanya mpweke, ni kumpa maji mtu uliyemziba mdomo.

Tumekuwa na udhuru mwingi. Zamani tulisema kivuko. Mto ukijaa, aliye ng’ambo alikuwa amekwenda mpaka maji yapungue. Kisha mwaka 2018 likazinduliwa daraja, Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, na pikipiki ikavuka kwa dakika moja. Sikuona orodha yetu ya ziara ikirefuka. Mwaka uliofuata baada ya swali la mlangoni, darasa letu liligawana mashamba. Wawili wawili tulikwenda Sabato mchana, mmoja na lesoni na mwingine na chakula kilichopikwa Ijumaa. Tulikosa njia, tukazama matopeni, na Sabato mbili mvua ilitushinda kabisa. Kwa mama yule tulifika mara tatu katika miezi minne. Nilimwomba radhi kwamba ni chache. Akasema zilizobaki alikuwa akizitazamia, na kwamba kutazamia nako kunapunguza urefu wa siku.

Neno hilo lilinirudisha kwa Paulo. Soma 2 Timotheo 4:9-21. Ndani ya mistari michache mzee yule mfungwa anasema mambo mawili ambayo sisi tungeyatenganisha. Anasema wote walimwacha alipojitetea mara ya kwanza, lakini Bwana alisimama pamoja naye akamtia nguvu. Mtu mwenye ushuhuda kama huo, tungesema, hahitaji mgeni. Naye anamsihi Timotheo afanye bidii kuja upesi, amchukue Marko aje naye, alete lile joho lililobaki Troa na vitabu, na hasa zile za ngozi. Kisha, kana kwamba aliogopa hajaeleweka, anarudia karibu na mwisho: jitahidi uje kabla ya wakati wa baridi. Bwana alikuwa kando yake, na baridi ilikuwa inakuja, na alimtaka kijana wake.

Maandiko hayasemi kama Timotheo alifika. Darasani tujadiliane: ni jambo gani lingeweza kumchelewesha, na lipi kati ya hayo Paulo angelikubali kuwa udhuru?