Ukimwacha Mtoto, Unamwachia Nani?



Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Zangu zinakaribia kuisha. Mimi na mume wangu tunaangalia kalenda na swali ni moja tu: mtoto abaki na nani? Bibi yake? Kituo cha kulelea watoto mchana? Au tutafute dada wa kazi?

Ushauri haujakosekana. Mama mmoja wa jumuiya aliniambia kwa upole kwamba mama Mkatoliki hamwachii mtu mwanae. Nampenda huyo mama, lakini hapo sikubaliani naye. Ukisoma Kutoka sura ya 2, mtoto Musa alilindwa na dada yake kando ya mto, akaokolewa na binti Farao, kisha akanyonyeshwa na mama yake mwenyewe, tena kwa mshahara. Katika Ruthu sura ya 4, Obedi, babu yake Daudi, alilelewa na Naomi. Hata Yusufu na Maria walisafiri siku nzima wakiamini Yesu yuko kati ya ndugu na jamaa zao. Hawakuwa wazembe. Walikuwa na watu wa kuwaamini.

Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Wa kwanza, jamani, siyo wa pekee. Kwa hiyo kumwacha mtoto mikononi mwa mtu mwema ili ukatafute riziki siyo dhambi.

Ila kuna jambo linanisumbua zaidi. Tukichagua malezi, tunajiuliza sana kama mtoto wetu atakuwa salama. Ni sawa kabisa. Lakini yule anayebaki naye, je, atakuwa salama kwetu?

Chukua mfano wa dada wa kazi. Mtaani tunamwita "beki tatu" na tunacheka. Huyu dada ni mtoto wa mtu. Huenda naye ameacha mwanae kijijini kwa bibi, ili aje kumbeba wa kwangu. Namkabidhi kitu cha thamani kuliko vyote nilivyo navyo, halafu nambania mshahara, nampa makombo, na Jumapili sisi tunaenda Misa yeye anabaki anaosha vyombo. Hiyo Misa yetu inafika wapi? Mtume Yakobo, sura ya 5, anaonya kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele mbele za Mungu. Papa Leo XIII aliandika juu ya ujira wa haki katika Rerum Novarum mwaka 1891. Tunapenda kuyanukuu hayo tukiwasema mabosi wetu. Nyumbani, bosi ni mimi.

Rafiki yangu alinijibu: "Mshahara wangu mwenyewe hautoshi, nitamlipaje vizuri?" Hoja yake ni nzito, siidharau. Wengi wetu tunaishi hivyo. Lakini ugumu wangu wa maisha haunipi ruhusa ya kuuhamishia kwa binti mwenye umri wa kuwa shuleni. Kama siwezi kumlipa mtu kwa haki, basi njia hiyo bado siyo yangu. Nitafute nyingine.

Njia nyingine nazo zina maswali yake. Bibi ana upendo, lakini ana mgongo pia. Je, tumemuuliza au tumemwamulia? Kituo, je, kimesajiliwa kupitia ustawi wa jamii? Mlezi mmoja ana watoto wangapi? Naweza kuingia saa yoyote bila taarifa? Na kazini, sheria inamruhusu mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Wangapi tunaidai haki hiyo? Na akina baba, msikae pembeni. Swali la nani abaki na mtoto siyo la mama peke yake.

Sisi tunaelekea kwenye kituo kilicho karibu na kazi ya mume wangu. Yeye atampeleka, mimi nitamchukua. Siyo jibu la kila familia. Ninachowaomba ni kwamba kabla hamjaamua, msali pamoja, halafu mtaje kwa jina kila mtu ambaye uamuzi wenu utamgusa. Kama kuna jina mnaona aibu kulitaja mbele za Mungu, anzeni upya.

Ee Yesu, uliyelelewa na mikono ya Maria na Yusufu, wabariki wote wanaolea watoto wasiowazaa. Utufundishe kuwatendea haki. Amina.