Mifupa Itatushuhudia Nini?



Mwaka 1914 wachimba mawe huko Oberkassel, karibu na mji wa Bonn, Ujerumani, walikuta kaburi la kale. Ndani yake mlikuwa na mifupa ya mwanamume na mwanamke, na pamoja nao mifupa ya mbwa. Wataalamu wanakadiria kuwa walizikwa yapata miaka 14,000 iliyopita, kabla watu hawajaanza kulima wala kufuga ng'ombe na mbuzi.

Mbwa huyo alikuwa mtoto wa miezi kama saba. Mwaka 2018 ulitolewa uchunguzi wa meno yake. Jino linapoumbika, ugonjwa mkali huacha alama ndani yake, mfano wa kovu. Alama zile zilionyesha kuwa yamkini mbwa yule alishikwa na ugonjwa wa virusi ambao hata leo huua mbwa wengi, nao ukamrudia mara kadhaa kwa majuma. Mbwa wa hali hiyo hawezi kujitafutia chakula. Wachunguzi waliona kwamba asingaliishi muda ule bila mtu wa kumpa maji, kumtia joto na kumsafisha.

Je, walimtunza kwa faida gani? Hakuweza kuwinda wala kulinda. Wapo watakaosema walitumaini atapona awatumikie. Huenda ikawa hivyo, kwa maana mfupa huonyesha tendo, hauonyeshi moyo. Hata kuzikwa pamoja si ushahidi kamili wa upendo, kwani yawezekana mbwa aliuawa ili awafuate bwana zake. Lakini mkono uliompa maji alipokuwa hoi, huo ulikuwapo.

Habari hii ilinichoma. Nyumbani kwetu tulikuwa na punda aliyetuchotea maji miaka mingi. Alipozeeka na mguu kuharibika, nilimtoa zizini nikamwacha ajiendee. Baada ya miezi niliona mifupa yake korongoni. Mtu akiifukua siku moja, ataona mgongo uliochakaa kwa mizigo na mguu uliovunjika usiungwe. Atasema, "Watu hawa walimtumia." Wala hatakuwa amenisingizia.

Najua mtu ataniambia, "Mwalimu, watoto wana njaa, nawe unatuhubiria habari za punda?" Neno hilo ni zito. Mtoto hutangulia, na mwenye debe moja la mahindi hawezi kulaumiwa kwa kumlisha mwanawe kwanza. Lakini mimi sikumwacha punda ili mtoto apate kula. Majani yalikuwapo. Nilimwacha kwa kuwa sikuona tena haja naye, na aliyezoea kupima hivyo kwa mnyama hukaribia kupima hivyo kwa mama mkwe mzee na kwa jirani asiyejiweza.

Mithali 12:10 hutufundisha kuwa mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake. Haikuongeza pale, "maadamu bado anafanya kazi."

Wale wa Oberkassel hawakusoma Mithali, wala hawakuwa na zizi wala ghala. Sisi tumesoma. Basi jioni ya leo kila mmoja wetu aende nyuma ya nyumba yake, amtazame yule aliyefungwa pale, na ajiulize mifupa yake itamshuhudia nini.