Gitaa na Mpaka wa Kubadili
Je, yafaa kuligeuza gitaa la umeme, au tulitunze kama lilivyotoka kiwandani? Wapo wasemao kuwa chombo ni cha mpigaji. Twakubali, lakini kwa mpaka. Wahunzi wa Ufipa, walioyeyusha chuma katika malungu, zile tanuri ndefu za udongo, waliweza kulirudisha motoni jembe lililokosewa. Ubao uliochongwa hauna moto wa kuurejesha. Kijana wa Ilemba akibadili nyuzi, au sumaku zinazonasa mtetemo wake, kesho aweza kuzirudisha zile za awali. Akilichonga gitaa lenyewe, amemwamulia pia atakayelirithi. Basi na tubadili kwa ajili ya wimbo. Ila lisilorejesheka tulitende baada ya kuwafikiria wajao.