"Ndio" Imeshikana na Nani?

Wiki iliyopita, katika ofisi moja, nilimsikia karani akimwambia bibi mmoja aliyekuja kufuatilia faili lake kwa mara ya tatu: "Bibi, polepole ndio mwendo." Waliokaa kwenye benchi wakacheka. Mimi nilikasirika, na hasira yenyewe haijaisha.

Methali hii tumeifanya shuka la kumfunika mvivu. Tunalikumbatia neno la kwanza, la mwisho tunaliacha nje kwenye baridi. Hebu isikilizeni hiyo "ndio". Imeshikana na nani? Twasema mti ndio, mkono ndio, mwendo ndio. "Polepole" haina ngeli ya kushikwa. (Wanaoandika "ndiyo" hapa wananiharibia hoja, nao wana deni langu.) Kinachotajwa ni mwendo, polepole ni namna yake tu. Mwendo ukiondoka, kinachobaki ni kusimama.

Aliyenionyesha hilo vizuri si mhenga wa kwetu. Ni Ed Pratt, kijana wa Kiingereza aliyeondoka Somerset Machi 2015, akiwa na miaka 19, juu ya baiskeli ya gurudumu moja. Aliizunguka dunia, zaidi ya kilomita 33,000, akarudi Julai 2018. Chombo hicho hakina cheni. Pedeli zimeunganishwa na gurudumu lenyewe. Hata lile kubwa la inchi 36 wanalolipenda wasafiri wa masafa, mguu ukizunguka mara moja umevuna mita 3 zisizotimia. Mteremkoni hakuna kuserereka: gurudumu likizunguka, miguu nayo inazunguka. Ukiacha kukanyaga hupumziki, unaanguka.

Basi polepole ya wahenga ni hiyo, isiyo na mahali pa kujiegesha. Ndege ingemzungusha kijana yule kwa siku chache na kumrudisha vilevile alivyoondoka. Miguu yake haikuweza kumfanyia hivyo.

Wapo watakaosema methali inasifu subira. Sawa, lakini subira ya nani? Siku hizi tunaugua maradhi mawili kwa mpigo: kijana anayetaka kutajirika kabla ya Ijumaa, na mkubwa anayemhubiria utulivu ilhali kiti chake mwenyewe hakijasogea tangu asubuhi.

Yule bibi hakucheka. Alijifunga upya kanga yake, akachukua mkoba, akamuuliza karani: "Jumatatu mnafungua saa ngapi, mwanangu?"