Chupa moja, maradhi arobaini

Ukipanda basi Musoma kwenda Mwanza, mara nyingi mkifika Bunda ataingia mtu mwenye begi. Atatoa salamu, ataomba radhi kwa usumbufu, kisha ataanza kutaja maradhi: vidonda vya tumbo, kisukari, presha, nguvu za kiume. Dawa ni moja, chupa ni moja. Nyingine zimeandikwa "Dawa ya Sunna", na hapo ndipo ninaposhindwa kunyamaza.

Biashara hii ni kongwe. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilitajirisha watu Ulaya na Marekani. Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilitoa kitabu kilichoanika yaliyomo ndani ya dawa za siri. Vidonge mashuhuri vya Beecham vilikutwa ni shubiri, tangawizi na sabuni! Huko Marekani, dawa ya kina mama ya Lydia Pinkham ilikuwa na pombe karibu asilimia 20, na wapo waliokemea ulevi huku wakiinywa kwa kijiko. Sheria ya 1906 ndiyo iliyolazimisha pombe itajwe kwenye lebo.

Utaniambia, ndugu msomaji, kwamba muuzaji wetu ana nia njema. Inawezekana, wapo wanaoiamini kweli chupa yao. Lakini Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, amemfanya anayetibu bila kujulikana kwa utabibu kuwa mdhamini wa madhara. Nia haikutajwa. Nia njema huenda ikampunguzia mtu dhambi, haimwondolei dhamana. Sheria yetu ya Tiba Asili ya 2002 nayo inataka mganga asajiliwe, yaani ajulikane. Sasa huyu akishateremka stendi, mdhamini tutampata wapi?

Watatuletea hadithi ya habbat sauda. Ni sahihi, na nyumbani kwangu ipo. Ila al-Khattabi alishaeleza zamani kuwa maneno yale ni ya jumla lakini yamekusudia maradhi maalum. Anayemwambia mgonjwa wa kisukari, kwa jina la Mtume, aache vidonge vya hospitali, amejitwika mzigo usiolingana na bei ya chupa yoyote.

Mama mmoja wa Butiama aliviacha. Alipofikishwa hospitali Musoma, mguu haukuwa wa kuokolewa. Nilipokwenda kumjulia hali aliniambia, "Ustadhi, imani yangu ndiyo ilikuwa haba." Dawa hakuilaumu.